Chupa Nne za Mama Adèle

Mgeni akifika Bunia na kuuliza wapi atapata kuku mwenye pilipili ya kumtoa machozi, ataelekezwa kwa Mama Adèle. Ataambiwa aulize "kuku ya Chine". Mwenyewe akisikia jina hilo huweka mwiko chini.

"Haiko ya Chine," husema. "Ni ya Népal. Chine na Népal ni sawa mutu na jirani yake. Weye wakikuita jina ya jirani yako, utafurahi?"

Mimi namjua kwa miaka kumi na miwili. Naitwa Katsuva, Mnande wa Butembo, na ninauza vinywaji katika depo yangu nyuma ya Soko Kuu. Kuna jambo juu yake ambalo watu hulisimulia nusu, huku wakitikisa vichwa. Ile nusu ya pili ni yangu. Nimeichelewesha mno, na kila nikimwona akipita na kapu lake la tangawizi najifanya nahesabu kreti.

Adèle ni Mualur, mtoto wa mvuvi wa kando ya ziwa, upande wa Mahagi. Alikuja Bunia kumfuata mume ambaye naye alifuata kazi Kampala akasahau njia ya kurudi. Akabaki peke yake, akaingia kupika katika kambi ya askari wa kigeni karibu na uwanja wa ndege. Alikaa miaka tisa. Mpishi mkuu alikuwa Mnepali mmoja mnene aliyeitwa Sajini, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Walifundishana kwa vidole. Akinyoosha vitatu, ni pilipili tatu. Akishika sikio, onja tena. Sajini alipoondoka alimwachia Adèle sufuria moja ya chuma, nzito kama mlango, na kuku yule.

Anavyompika nimeona mara mia. Anamkata vipande vidogo pamoja na mifupa, anamlaza kwenye tangawizi, kitunguu saumu na mchuzi wa soya kutoka duka la vitu vya wazungu. Anamkaanga kwa moto mkali mpaka ngozi inalia. Halafu anamwaga asali ya msituni, mchaichai uliopondwa na pilipili yetu ndogo, ile ambayo mtoto akiigusa haruhusiwi kusugua macho siku nzima. Ukila unatukana kidogo, kisha unaomba kipande kingine.

Zaidi ya kuku, Adèle ana kanisa. Kila Jumamosi, kwa miaka mingi, alifua vitambaa vya altare na kupanga sakristia. Ufunguo wa kabati la divai ya Misa aliuvaa shingoni, kwenye uzi mmoja na rozari. Mimi ni wa Baptiste, na nilikuwa nikimtania kwamba Petro mtakatifu ana msaidizi Bunia. Alikuwa akicheka. Aliupenda ule ufunguo kuliko hereni.

Jikoni mwa mgahawa aliofungua baada ya kambi alifanya kazi na Viviane, mama wa kwetu kutoka Lubero, ambaye sisi tulimwita Mama Julien. Julien alikuwa mwanawe wa pekee. Aliendesha pikipiki ya abiria Iga Barrière, pale njia panda, na lori lilimgonga hapo hapo njia panda. Wakati ule njia ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, maiti haikuweza kuletwa. Alizikwa na watu wema asiowajua, mama yake akiwa Bunia. Mwaka mzima Viviane aling'oa manyoya ya kuku akingojea siku moja tu: padri aende kule, asome Misa juu ya kaburi, matanga yatolewe. Kila mara njia ilipokaribia kufunguka ilifungwa tena.

Basi ndipo akaja Monsieur Aristide.

Huyu alikuwa msimamizi wa shirika moja linalofanya semina kila baada ya wiki mbili. Mtu wa Kinshasa, viatu vimeng'aa hata wakati wa matope. Alimpenda kuku wa Adèle, lakini alikuwa na neno juu ya divai.

"Mama, kuku yako iko formidable," alimwambia. "Lakini vin unatupa inaharibu yote. Jeudi niko naleta bakubwa wangu, batu munane. Ukipata vin yenye kuenda na hii kuku, na isiwe ya bei ya ministre, utapikia semina zetu mwaka muzima. Ukikosa, nitaenda kwa benye kupika samaki."

Ndiyo sababu siku ya Jumatatu, siku tatu kabla ya hiyo Alhamisi yake, Adèle aliingia depo yangu na sufuria ya Sajini kichwani, na kuku ndani yake bado anachemka.

"Papa Katsuva, fungua chupa zako," alisema. "Leo siye batu babili tuko nasoma."

Tulikaa nyuma, juu ya kreti za bia. Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha. Ni mara ngapi mtu anaingia kwako akikuomba ujuzi wako badala ya kukuomba upunguze bei? Nikaanza na divai nyekundu ya katoni, ile ambayo Bunia nzima inakunywa kwenye arusi. Tulitafuna kipande, tukanywa. Adèle alikunja uso. Ile divai ina ukavu unaokwaruza ulimi, na pilipili ikikuta ulimi umekwaruzwa inaingia humo na kuketi. Nikamimina nyekundu nyingine, ya Afrika Kusini, yenye nguvu zaidi. Hiyo ilikuwa moto juu ya moto. Adèle alisimama akapunga mkono mbele ya kinywa.

"Unataka kuniua mbele ya Jeudi?"

Nyeupe kavu ilikuwa afadhali. Ilisafisha mafuta, lakini ilipokutana na chumvi ya soya ikawa maji ya ndimu tu. Ile yenye mapovu ilichoma ulimi kama sindano. Nikaleta hata kasiksi ya kwetu, divai ya ndizi, kwa majivuno ya nyumbani. Ilikuwa tamu, lakini nzito, ikameza mchaichai wote. Adèle alisema inafaa kwa watu wanaotaka kulala.

Ndipo nikakumbuka chupa moja juu ya rafu. Mfanyabiashara wa Kampala aliniachia nionje, na ndani yake kilibaki kiasi cha vidole viwili. Nyeupe, tamu, yenye rangi ya asali changa, kilevi chake kidogo, na chini ya ule utamu kuna uchachu kama wa chungwa. Nikaitia kwenye ndoo ya maji baridi kwanza. Tukatafuna, tukanywa.

Tulitazamana. Pilipili ilikuwa bado ipo, lakini imekaa chini kwa adabu. Tangawizi ikasikika. Asali ya kuku na utamu wa divai vikasalimiana. Hata mchaichai ulirudi.

"Ndiyo hii," Adèle alinong'ona.

"Pilipili inataka sukari na baridi," nikasema, kama mwalimu. "Haitaki mwenye nguvu wa kupigana naye. Inataka mutu wa kuibembeleza."

"Nipe quatre." Alinyoosha vidole vinne.

"Haziko. Hii ilikuwa ya kuonja tu."

"Naweza kuipata wapi?"

Hapa sasa. Kazi yangu ni kusema "sijui, tungoje gari la Kampala". Badala yake nilitaka kuchekesha. Gari langu ndilo lililoleta katoni ya mwisho ya divai ya Misa ya parokia yao, kutoka kwa mfanyabiashara yule yule, na nilijua ni chupa zile zile, karatasi ile ile, zabibu zile zile. Nikasema, "Bunia muzima iko fasi moja tu. Mu kabati ya padiri wenu. Na ufunguo, sisemi iko ku shingo ya nani."

Nilicheka peke yangu. Adèle aliokota mifuniko ya chupa iliyoanguka chini, akaipanga juu ya kreti mmoja mmoja, akabeba sufuria yake akaenda. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mimi nilirudi kuhesabu kreti.

Alhamisi mchana wageni wa Aristide walikula mpaka wakalamba vidole bila aibu, nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosimuliwa. Divai ilitoka kwenye ndoo ya barafu, ndani ya majagi, bila chupa kuonekana. Mkubwa mmoja alifungua tai akauliza jina la mpishi. Mwaka mzima wa semina uliingia mkononi mwa Adèle kabla ya kahawa. Viviane ndiye aliyehudumu, na majagi yaliporudi jikoni yakiwa na mabaki, alikusanya mabaki yale kwenye kikombe akanywa, akafumba macho.

"Yaya Adèle, hii vin iko na dawa gani?" aliuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Tangu Julien amekufa, kintu hakijaingia mu kinywa yangu tamu sawa hii."

Adèle alimgeuzia mgongo akaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Jumamosi alikuja kwangu na chupa tupu imefungwa kwenye kitenge. Aliifunua kidogo, nikaona ile karatasi. Nilijua mara moja. Sura yangu, nina aibu kusema, ilibaki ya muuzaji.

"Nataka quatre za hivi," alisema. "Mbio mbio. Nitalipa yote leo."

"Gari ya Kampala inafika Vendredi."

"Vendredi kweli?"

"Kweli, Mama Adèle."

Hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Baadaye ndipo nilipojua alichofanya. Katika katoni ya chupa sita, nne alizichukua. Ili katoni isiwe nyepesi mtu akiisogeza, alichemsha mchaichai mara mbili mpaka rangi ikakolea, akatia asali kidogo, akajaza chupa tatu tupu na akazifunga vifuniko vyake vya kuzungusha kwa nguvu zake zote. Ya nne ndiyo aliyoniletea. Alizisukuma zile tatu nyuma. Mbele aliacha mbili za kweli, moja imefunguliwa. Padri hutumia divai kidogo, chupa moja inakwenda wiki nyingi. Kwa hesabu yake hakuna mtu angegusa za nyuma kabla ya Ijumaa. Alikuwa amekopa, basi, kama mtu anavyokopa chumvi kwa jirani aliyesafiri. Ndivyo alivyojiambia.

Ijumaa gari lilifika kweli. Katoni moja ya divai ile, chupa sita, nikaiweka chini ya meza nikatupia gunia juu yake. Nilikuwa nimeshamwita Plamedi wa pikipiki apeleke nne kwa Adèle. Kabla Plamedi hajafika, akaingia Monsieur Aristide.

"Katsuva, balinambia weye ndio mwenye kujua ile vin ya Mama Adèle. Ukiwa nayo nakamata yote. Nitakuwa client wako wa kila mwezi."

Macho yangu yalikwenda kwenye gunia. Nilifikiri hivi, na ninayaandika maneno jinsi yalivyopita kichwani: kabati ya padri inaweza kungoja wiki moja. Kwani padri atakufa? Kwetu sisi wa Baptiste kikombe cha Bwana ni maji ya matunda, na Mungu hajawahi kulalamika. Nikavuta gunia. Aristide aliondoka na chupa sita, na Plamedi alipofika nilimpa pesa ya kupoteza muda wake.

Jumapili jioni habari ikaja kwamba njia ya Iga Barrière imefunguliwa. Abbé Fiacre, padri wa parokia yao, alimwambia Viviane: ni Jumanne, tusingoje tena, baada ya hapo hatujui itakuwaje. Viviane alilia, akacheka, akazunguka mtaa mzima akiomba sufuria. Mimi nilitoa pikapu yangu bure. Mtu mwenye deni la moyo huwa mkarimu sana kwa mafuta ya gari.

Jumanne asubuhi Adèle alikuwa kwa Viviane akipakia mchele na kuku, kwa hiyo hakuwa sakristia wakati Abbé Fiacre alipofungua kabati kwa ufunguo wake mwenyewe. Padri alipopanda mbele karibu nami na kisanduku chake magotini, Adèle alisogea dirishani.

"Mon Père, umekamata vin?"

"Niko nayo, mama. Nimekamata moja ambayo haijafunguliwa, juu ya safari."

Niliuona mkono wake ukienda shingoni, kwenye ufunguo. Ilikuwepo moja tu ya kweli ambayo haijafunguliwa, na tatu za mchaichai. Angeweza kusema pale. Alitazama nyuma ya gari, na Viviane alikuwa amekaa juu ya magunia na picha ya Julien kifuani, amevaa kitenge kipya, uso wake umetulia. Adèle akapanda nyuma karibu naye.

Waliweka meza yenye kitambaa cheupe karibu na kaburi. Watu walikuwa wengi: waendesha pikipiki wenzake Julien, wale wema waliomzika, mama wauza mihogo wa njia panda. Adèle alisimama nyuma kabisa, kwenye masufuria. Mimi niliegemea gari. Abbé Fiacre alisoma, aliimba, aliinua mkate, aliinua kalisi. Ikafika wakati wa kunywa.

Alikunywa, akasimama.

Kalisi ilibaki mdomoni mwake. Watu walidhani anaomba, wakainamisha vichwa. Mimi niliona koo lake likimeza mara moja, kisha macho yake yakafunguka polepole, yakatafuta, yakaangukia Viviane. Viviane alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, picha imeegemezwa kwenye msalaba, na midomo yake ilikuwa ikitaja jina la mtoto. Padri alimtazama kwa muda ambao sitausahau. Halafu akafuta kalisi kwa kitambaa na akaendelea. Nyuma yangu mwiko ulianguka ndani ya mchuzi.

Njiani kurudi Viviane aliimba. Alimshika Adèle bega akasema, "Yaya, sasa Julien amepumuzika. Leo hata miye nitalala." Adèle alikuwa akitazama barabara iliyokuwa ikibaki nyuma yetu.

Kesho yake alikuja depo. Macho yalikuwa mekundu. Aliniambia yote, nami nikajifanya kushangaa. Nikamfariji kwa ule ujinga wangu.

"Mama Adèle, usijiue bure. Kwetu tunatumia hata Fanta, na Mungu anapokea."

"Kwenu ni kwenu!" Alipiga meza mpaka chupa zikalia. "Weye ukitia Fanta, batu bote banajua ni Fanta. Miye nimewadanganya bale bamekufa na bale bazima. Misa bila vin haiko Misa. Ule mama amengoja mwaka muzima, na miye nimemupa chai!" Kisha akashusha sauti. "Carton ya Kampala, ilifika?"

Nikasema, "Bado."

Alinitazama kidogo. Akajifunga kitenge vizuri, akaenda.

Alikwenda moja kwa moja kwa padri. Haya nayo alinisimulia mwenyewe. Abbé Fiacre alikuwa kwenye bustani yake ya kabichi, na kabla Adèle hajamaliza sentensi ya kwanza, alisema, "Mchaichai na asali. Nimesikia mu ulimi." Alikaa juu ya ndoo. Alisema na yeye hajalala. Padri akigundua kikombe hakina divai anapaswa kutafuta divai na kuanza tena, lakini hakuwa na nyingine, na alipomtazama yule mama alikosa nguvu ya kusema. Asubuhi ile, saa kumi na mbili, alikuwa amesoma Misa ya Julien peke yake, kwa ile chupa iliyofunguliwa.

"Kwa Mungu imetengenezwa," alimwambia. "Kwa Viviane bado. Miye niliogopa kumwambia. Weye utamwambia, kisha tutaenda siye babili kumuomba musamaha."

Adèle alitaka kuvua ufunguo shingoni. Ule uzi ulikataa kufunguka, akaukata kwa meno, na rozari ikamwagika kwenye kabichi. Padri alimsaidia kuokota punje.

Alimwambia Viviane jikoni, wakiwa wanang'oa manyoya. Alimwambia yote bila kujitetea: semina, kabati, chupa nne, mchaichai. Viviane aliendelea kung'oa. Kuku alikuwa ameshakuwa mtupu, na vidole vyake viliendelea kutafuta unyoya usiokuwepo.

"Ile vin ya Jeudi," alisema mwishowe. "Ile ya mabaki, niliyokunywa hapa."

"Ndiyo."

"Miye nilisema iko tamu." Alimweka kuku chini. "Adèle, miye nimekunywa Misa ya mutoto wangu mu kikombe ya chai, na nikakushukuru."

Adèle alipiga magoti kwenye manyoya yale. Viviane hakumpiga wala hakumwinua. Alinawa mikono, akachukua kitenge chake msumarini, akasimama mlangoni.

"Tutarudi Iga Barrière," alisema. "Pale pale. Batu bale bale. Na weye utasema na kinywa yako juu ya nini nimebaita mara ya pili. Kisha nitaona kama niko na nguvu ya kukuita yaya."

Walirudi baada ya wiki tatu, njia ikiwa bado wazi. Mimi niliendesha tena. Safari hii chupa ilikuwa mapajani mwa Adèle, imefungwa, na niliiuza mimi mwenyewe, kwa maana gari la pili la Kampala lilikuwa limefika. Hakutaka nimpe bure.

Kabla ya Misa Abbé Fiacre alisimama kwanza akawaomba watu msamaha kwa woga wake, kwa maneno machache. Halafu Adèle akatoka kwenye masufuria akaja mbele. Watu wa njia panda si wapole. Alipofika kwenye chai mtu mmoja alicheka, mwingine akatukana, mama mmoja akatema mate. Yeye aliendelea. Alisema alitaka kazi, alisema alijivunia kuku wake, alisema aliona kabati la Mungu kama duka. Nilikuwa nimeegemea gari mahali pale pale. Nilingoja jina langu. Nilishaanza kupanga maneno ya kujibu: kwamba ulikuwa utani, kwamba mimi si Mkatoliki, kwamba biashara ni biashara.

"Ni miye," Adèle alimaliza. "Munisamehe."

Kati yake na mimi kulikuwa na hatua ishirini. Mtu mwenye miguu mizima angezitembea. Nilitazama tairi la gari kana kwamba lina msumari.

Misa ilisomwa. Padri alikunywa, akafumba macho, akaendelea bila kusimama. Wakati wa kula Viviane alichota wali, akaweka paja la kuku juu, akampelekea Adèle sahani mkononi, bila neno, akarudi kukaa na watu wake. Hakumwita yaya siku ile. Alimwita baada ya miezi miwili, bila kukusudia, akitafuta kisu, na Adèle akamkabidhi kwa mpini.

Semina za Aristide ziliendelea, kuku ni yule yule. Lakini Adèle alimwambia kwamba divai hatagusa tena, wanaoitaka waje nayo. Basi wanakuja kununua kwangu. Ile nyeupe tamu sasa naiagiza kila mwezi, na wateja nawapa somo lile lile, sukari na baridi, wananisifu kwamba ninajua kazi yangu.

Siku ile ya Misa ya pili tulipokuwa tunarudi, Viviane amelala nyuma na padri amebaki kwa wagonjwa, Adèle alikaa mbele karibu nami. Tulipoona mabati ya kwanza ya Bunia alisema, bila kunigeukia:

"Ile carton ilifika Vendredi. Monsieur Aristide aliniambia Lundi, siku moja mbele ya Misa ya kwanza. Alikuwa na furaha, alisema amekamata sita yote."

Kumbe siku ile niliposema "bado", alikuwa anajua tangu Jumatatu.

"Sasa juu ya nini hukutaja jina yangu, Mama Adèle?"

"Nilikuwa natubu zambi yangu," alisema. "Yako haiko ya miye, Papa Katsuva. Siwezi kuitubu."

Nilimshusha mlangoni kwake, nikamsaidia kuteremsha sufuria ya Sajini, naye akanishukuru kwa mafuta ya gari.